Ukiwa na Ndugu, Usiwe Mtalii

Redioni kila mwisho wa wiki kuna mtu anatushauri tufanye utalii wa ndani. Anasema hifadhi ni zetu, Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi wakati mgeni analipa kwa dola, na watoto wanaokua bila kumwona mnyama ni aibu ya wazazi wao. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan atoke kwenye ile filamu ya The Royal Tour mwaka 2022, washauri wa namna hii wameongezeka. Sina ugomvi nao. Nina swali moja tu: hawa watu hawana shangazi?

Nauliza kwa sababu hesabu zao zinaanzia getini. Kwetu Dutwa, mkoani Simiyu, gharama zinaanza siku jirani anapokuona unafua suruali nyeusi katikati ya wiki. Atauliza kulikoni. Ukitamka Mwanza, umekwisha. Kabla jua halijazama habari zimeshafika Ngasamo, na kesho yake alfajiri kuna mama kasimama uani na nusu debe la michembe (viazi vikavu) ya mwanawe anayesoma chuo. "Yuko hapo hapo mjini, ukiuliza wanamfahamu."

Chanzo cha yote ni pamba. Mtu wa Simiyu akishalipwa pamba yake asiizike hela mara moja, atazikiwa na familia. Mama Kulwa ni mwalimu, na walimu siku hizi hawaonyeshani tena maandalio ya masomo, wanaonyeshana picha. Akanisogezea simu: mwenzake mmoja yuko chini ya Mlima Kilimanjaro amevaa kofia ya sufu, mwingine yuko Pangani miguu iko ndani ya bahari. "Baba Kulwa," akasema, "na sisi tupate mlima na bahari. Jumamosi na Jumapili tu."

Nikamweleza jiografia, ingawa yeye ndiye anayeifundisha. Kutoka Dutwa kwenda Pangani, Jumamosi nzima utakuwa ndani ya basi, Jumapili utashuka Tanga miguu imevimba, na Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu anapiga simu kuuliza darasa la tano limeachiwa nani.

Nikampa milima ya hapa hapa. Tunavyo vilima vya Wamangola na Ngasamo, tena si vilima vya mchezo, vina nikeli. Watafiti walikuja na mitambo ya kuchoronga, wakatoboa, wakapima, na jina la Dutwa likatajwa mpaka kwenye soko la hisa la London. Kama mlima umewashughulisha watu wa London, mwalimu wa Dutwa ana kitu gani cha kuudharau? Akanijibu kwamba mlima anaouona kila siku akianika mtama hawezi kuupiga picha.

Nikahamia Serengeti. Hii nayo ni ya jirani, lango la Ndabaka liko hapo tu ukipita Lamadi kuelekea Bunda. Wazungu wanavuka bahari mbili kuja kutafuta kilomita zake za mraba 14,763, sisi tunafika kabla chai haijapoa. Hapo aliyekataa ni mama yangu. Mama ana kaka yake Itilima ambaye tembo walimtembelea usiku mmoja wakamaliza mahindi, wakakanyaga na pamba. Tangu hapo mama hataki kusikia habari za hifadhi. "Tembo waje kwetu wale bure, halafu sisi twende kwao tulipe? Ng'wanawane, hiyo ni akili ya nani?"

Nilijaribu hata Nyakabindi, kwenye viwanja vya Nanenane, ambako maonyesho ya kitaifa yalifanyika mwaka 2018 hadi 2020 na watu wakatoka kila pembe ya nchi kuja kuangalia mihogo ya wenzao. Hakuna aliyenijibu.

Ikabaki Mwanza. Mawe yake ni milima tosha, na Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Sasa bahari ina nini zaidi? "Chumvi," akasema Kulwa, ambaye amerithi mdomo wa mama yake. Bibi yake akamjibu kwamba chumvi ya Wasukuma haikutoka baharini, wazee waliifuata Ziwa Eyasi kwa miguu na punda, tena hawakupiga picha. Ikapita.

Mimi moyoni nilikuwa nimeshaichagua Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, na niliichagua kwa udogo wake. Ina kilomita za mraba 2.18 tu, tena sehemu kubwa ni maji. Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, na iko ndani ya jiji. Nikapiga hesabu ya mtu mwenye haraka: tunatoka alfajiri, tunavuka kwa boti, tunazunguka jiwe, tunakula sato, tunarudi stendi, usiku tunalala kwetu. Utalii umefanyika na hela ya pamba imebaki.

Mama Kulwa akachukua simu. "Siwezi kufika Mwanza nisimwambie dada." Mama naye akadakia kutoka jikoni kwamba kupita Kisesa bila kumsalimia shangazi yangu ni matusi ya wazi. Halafu Nyashimo kuna baba mdogo, na Magu kuna yule aliyetusitiri wakati wa msiba. Kwa muda wa kuchemsha maharage, barabara ya Lamadi hadi Mwanza ikajaa ndugu, na kile kisiwa changu kidogo kikasukumwa huko mwisho kabisa, baada ya chakula cha mchana cha siku isiyojulikana.

Mtalii wa kwenye redio anabeba chupa ya maji na kofia. Mtalii wa Dutwa anabeba mchele, kwa sababu huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu ukitokea Simiyu msimu huu, watasema pamba imekulevya. Tukabeba mchele wa shemeji, samli ya shangazi, nsansa (mboga kavu ya majani) ya baba mdogo, michembe ya yule mwanachuo anayefahamika na jiji zima, na jogoo. Kiingilio cha Saanane kwa raia, nataka ieleweke, ni nafuu kuliko yule jogoo.

Tulipanda mchomoko, na anayeifahamu Kanda ya Ziwa hahitaji maelezo. Ni gari dogo la watu watano ambalo dereva wake hakusoma hiyo sehemu ya watu watano. Mbele tulikaa wawili, bibi kwa heshima ya umri na mimi kwa heshima ya nauli. Nyuma wakapangwa wanne wazima, Kulwa na Doto wakapewa mapaja ya abiria wasiowafahamu, na mdogo wao Shija akaenda kwenye buti pamoja na jogoo na mchele. Shija ndiye aliyesafiri vizuri kuliko sisi sote, alikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Kila tulipokaribia trafiki dereva alituomba tuvute pumzi ndani, sijui ili gari lionekane na watu wachache au ili tusali.

Lamadi barabara inagawanyika. Kulia ni Ndabaka na wanyama, kushoto ni Mwanza na ndugu. Nilitazama kulia kwa muda mrefu.

Sitasimulia Nyashimo wala Magu. Ni soda, salamu, na swali la kwa nini tumekonda. Kisesa lazima niisimulie, kwa sababu pale ndipo nilipoelewa kwamba safari hii haina uhusiano wowote na utalii.

Kisesa ndiko iliko Bujora, yale makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kuna ngoma za watemi, kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kuna habari za Bagika na Bagalu ambao mashindano yao ya ngoma watoto wangu wanayasikia tu kwa bibi yao. Niliwaahidi kwamba tukimsalimia shangazi dakika kumi tutakwenda Bujora saa nzima. Shangazi alipotuona akashika kifua, akaenda nje, tukasikia mbio, tukasikia kuku analia. Mtu akikuchinjia kuku umeshafungwa. Huwezi kuondoka kabla hajaiva, na huyu alikuwa kuku wa umri mkubwa, aliyejua mambo mengi, akakataa kulainika. Tukakaa. Shangazi akatuuliza habari za watu wa Dutwa mmoja mmoja, pamoja na waliokwisha kufariki, akawalilia upya. Saa kumi jioni tukala. Doto akauliza kama Bujora bado iko wazi. Shangazi akashangaa: "Kuna nini Bujora? Ngoma? Mimi babu yangu alikuwa anapiga ngoma, kaa hapa nikueleze." Akaeleza. Nakiri alieleza vizuri. Lakini kiti cha mtemi sikukiona, nilikalia kigoda.

Tuliingia stendi ya Nyamhongolo giza limeshatanda, tukapanda daladala mpaka Mabatini. Na hapo ndipo Mama Kulwa alipoupata mlima wake. Asiyeijua Mwanza hudhani milima ya mawe ni ya kutazamwa tu. Watu wamejenga juu yake. Shemeji yangu anakaa juu, na hakuna gari, pikipiki wala mkokoteni unaofika kwake. Kuna ngazi zilizochongwa na mvua, kuna mahali unapita kati ya jiwe na ukuta wa mtu huku unasikia wanachokula, kuna mahali unashika nondo ya msingi wa nyumba ambayo haijajengwa. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ongeza Mabatini, ongeza kilo za mchele begani. Mama alipanda bila kusema neno, akapumzika kila kona, na kila kona akasalimiana na mtu. Mimi nilipofika juu sikuweza kusalimia. Shemeji akacheka: "Karibu shemeji, huku ndiko kwetu, kuna upepo mzuri."

Kule juu, nikihema, nilimkumbuka John Hanning Speke. Tarehe 3 Agosti 1858 mtu huyu alifika maeneo haya ya Mwanza, akaliona ziwa ambalo wenyewe walikuwa wanalivua siku zote, akalipa jina la malkia wake na kurudi kwao akiwa maarufu. Watu husifu ujasiri wake. Mimi nasifu mpangilio. Mwenzake Burton alimwacha Kaze, huko Tabora, na katika njia yote hakuwa na mtu wa kumsalimia. Mpe Speke shangazi mmoja tu pale Kisesa, uone kama ziwa lingeonekana mwaka ule.

Usiku nilipewa godoro sebuleni, chini ya meza ya televisheni, pamoja na miguu ya watoto ambao sikuwatambua wote. Jogoo wetu alifungwa nyuma ya mlango, na kwa kuwa hakuzoea kuona taa za mji mzima kwa chini, aliwika kuanzia saa nane.

Jumapili, siku ya Saanane, tulianza kwa ibada, kwa sababu shemeji alitaka wageni wake wasimamishwe mbele na kutambulishwa. Kisha tukaenda kumwona jirani mgonjwa ambaye hatukumjua naye hakutujua, akafurahi sana. Kisha pilau. Kisha mume wa shemeji akasema ni dhambi kuwa Mwanza usilione daraja la Kigongo na Busisi, lile la kilomita tatu lililozinduliwa Juni 2025, akaanza kutafuta gari la kuazima, na kama si Mungu kulificha hilo gari tungeishia Sengerema kwa ndugu zake. Tulipita kwenye jiwe la Bismarck kupiga picha. Yule Mjerumani hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Jina lake limesimama ziwani, yeye alibaki kwao anakula kwa nafasi. Huyo ndiye aliyeitalii Mwanza inavyotakiwa.

Saa tisa na nusu tukawa kwenye gati la boti za kwenda kisiwani. Hapo mama akagoma. Hakugoma kwa maneno, aliketi. Alikuwa mtu mzima wakati meli ya MV Bukoba inazama, tarehe 21 Mei 1996, na watu wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa siku ile ilikuwaje. Nikanyamaza. Yule kijana wa boti naye hakucheka, akamletea boya, akamfunga mwenyewe kamba zote, akamwonyesha kisiwa kilivyo karibu, akamwambia, "Bibi, ukiona maji yanakutisha nishike bega." Akapanda. Ni dakika chache tu. Alimshika bega njia nzima, na tulipofika alikuwa ameshajua ukoo wa kijana ule mpaka kwa babu mzaa mama.

Kisiwa ni kizuri, niseme ukweli hata kama nimekuja kulalamika. Mawe makubwa yamelaliana, swala pala wanatembea wenyewe, mijusi wenye vichwa vyekundu wanakutazama juu ya jiwe kwa dharau. Mwongozaji alitueleza kwamba pale palianza mwaka 1964 pakiwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa. Na kwamba jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi kisiwani kabla ya wanyama kuletwa. Mama akasimama. "Chawandi wa wapi? Mama yake alikuwa nani?" Mwongozaji akarudia habari za mwaka 1964. Mama hakuwa na shida na mwaka, alikuwa anataka ukoo. Ilibidi nimvute.

Kisha tukaonyeshwa pimbi. Ni mnyama mnene kiasi cha sungura, amekaa kwenye ufa wa jiwe, hana mkia wala habari na mtu. Mwongozaji akatuambia kwamba kisayansi ndugu wa karibu wa pimbi ni tembo. Watoto wakacheka, lakini ni kweli, wanasayansi wanakubaliana. Mama alimtazama yule mnyama kwa huruma kubwa. "Maskini," akasema, "na yeye ana ndugu wakubwa. Siku akienda kuwasalimia atabeba nini?"

Tulipanda jiwe la juu, tukaona jiji, tukaona Mabatini kwa mbali na nikajisikia kuhema tena. Watoto wakataka kuogelea. Shemeji, ambaye ni muuguzi, akasema hapana, ziwa hili lina kichocho, na mahali pengine lina mamba. Kwa hiyo ile bahari ya Mama Kulwa tuliitazama. Alisogea mpaka kwenye jiwe la mwisho, akavua viatu, akaamuru nipige picha itakayoonekana kana kwamba miguu iko majini. Nilipiga. Imetoka vizuri, mwenzake wa Pangani ameipenda. Kwa saa nzima tulikuwa watalii halali, hakuna aliyetupikia wala kutuuliza nani amekufa. Halafu boti ya mwisho ikaita.

Jumatatu mwalimu mkuu alipiga simu kama nilivyosema atapiga. Tulikuwa Kisesa. Huwezi kupita kwenda usipite kurudi. Mzigo wa kurudi ulikuwa mzito kuliko wa kwenda: dagaa, sangara wa kukaushwa, nguo za watoto wa shemeji zilizowabana, na ile michembe, kwa sababu mwanachuo anayefahamika na jiji zima hakufahamika na mtu yeyote. Mama yake amepokea nusu debe lake akatutazama kwa namna ambayo najua itafika Ngasamo.

Nimepiga hesabu na washauri wa redio wanaweza kuichukua bure. Kiingilio, boti na soda za kisiwani havikufika hata robo ya matumizi. Zilizobaki zimekwenda kwenye heshima. Wapunguze viingilio wapendavyo, waweke matangazo, walete hata wasanii. Mpaka watakapotengeneza barabara ya Mwanza isiyopita Kisesa, mimi utalii nimeuacha.

Tatizo ni kwamba utalii wenyewe haujaniacha. Shemeji amepiga simu jana. Amesikia redioni habari za utalii wa ndani, amegundua Ndabaka iko jirani kabisa na Dutwa, na kwa nini alale hotelini wakati ana ndugu? Wanakuja Desemba, wako saba, na watapita Kisesa kumchukua shangazi. Msomaji wangu uliyeko Bariadi, Ngasamo au Lamadi, kama una godoro la ziada la kuazimisha, tafadhali niletee mapema. Jogoo nitanunua mwenyewe.